Kolera Ituri: Mikrobe zinahesabiana kabla ya kutoka kwa mgonjwa, na saa za kwanza ndizo zinaamua

Kando ya Ziwa Albert, kule Kasenyi na Tchomia, na hata huku juu mjini Bunia, hakuna mtu mzima asiyejua kolera, ambayo wengine wanaiita kipindupindu. Watu wanajua kuhara kunakofanana na maji ya mchele, kutapika bila kukoma, macho kuingia ndani, na mtu aliyelala mzima akaamka hana nguvu za kusimama. Wengi hawajasikia bado kwamba bakteria wanaoleta ugonjwa huu, kwa jina la kisayansi Vibrio cholerae, hawafanyi kazi yao ovyo. Wanapelekeana habari kwa njia ya kemia, wanahesabiana, na wakiona wametosha wanabadilisha mwenendo wote kwa pamoja.

Habari hiyo inamhusu pia mama anayeteka maji kwa bidoni katika mitaa ya Bunia, na familia iliyokimbia vita ikajikuta katika kambi ya wahami, choo kimoja kikitumiwa na watu wengi. Inasaidia kueleza kwa nini mgonjwa mmoja anaweza kuangusha nyumba nzima kwa siku chache, na kwa nini yale yanayofanywa katika saa za kwanza yana uzito kuliko yote yanayofuata.

Lugha isiyo na sauti

Bakteria hana mdomo wala sikio. Anachofanya ni kutengeneza chembe ndogo sana za kemia na kuziachilia katika maji yanayomzunguka. Akiwa peke yake, chembe zake zinapotea kama chumvi kidogo iliyotupwa ziwani. Bakteria wakiongezeka mahali pamoja, chembe nazo zinajaa. Kila bakteria ana protini zinazozipokea, kama vile kufuli inavyopokea ufunguo wake. Chembe zikifika kiasi fulani, bakteria wote wanapata habari ileile karibu kwa wakati mmoja: tumekuwa wengi. Hapo wanawasha kazi fulani na kuzima nyingine.

Wakaaji wa Kongo wanaweza kulifananisha jambo hili na salongo. Mtu mmoja akishika jembe Jumamosi asubuhi na kutaka kuzibua mfereji wa mtaa mzima, atachoka bure. Kazi inaanza watu wakiwa wametosha. Bakteria naye, akitoa sumu au kung'aa peke yake, anapoteza nguvu bila faida. Wakifanya pamoja, kazi inaonekana.

Mwaka wa 1994, watafiti watatu wa Marekani, Clay Fuqua, Stephen Winans na Peter Greenberg, waliupa mwenendo huu jina la kuhisi kworumu. Neno ni lile lile la mabunge: bila kworumu, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa, kikao hakiwezi kupiga kura.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa limeonekana zamani zaidi, na halikuanzia kwenye ugonjwa. Mwaka wa 1970, Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings waliandika juu ya bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Waliona kwamba bakteria hao wakiwa wachache ndani ya chupa, wanakaa gizani. Wakiisha kuwa wengi, chupa nzima inawaka. Na bakteria wachache wakiwekwa katika maji ambamo wenzao wengi walikwisha kuishi, wanawaka mapema kuliko kawaida. Kumbe ndani ya maji yale mlibaki kitu kilichowadanganya kwamba wako wengi.

Ndugu ya bakteria hao anaishi ndani ya mwili wa ngisi mdogo wa Hawaii, ambaye anautumia mwanga huo usiku ili kivuli chake kisionekane na samaki wanaomwinda. Asubuhi ngisi anawatoa nje karibu bakteria wote. Waliobaki ni wachache, nao wanazima taa mpaka wazaliane tena.

Kwa miaka mingi wanasayansi wengi walidhani huo ni ujanja wa viumbe wachache wa baharini. Baadaye ilionekana kwamba bakteria wengi sana wanazungumza hivyo, wakiwemo wale wanaokaa katika mizizi ya mimea ya jamii ya maharagi na kuipatia mbolea. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kulionyesha hilo ni Bonnie Bassler, profesa katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Yeye na wenzake walionyesha kwamba bakteria wana zaidi ya lugha moja. Kuna chembe za kutambulisha ukoo, zinazoeleweka na ndugu wa karibu tu, na kuna chembe nyingine zinazoeleweka na bakteria wa makabila mengi, kama vile Kiswahili kinavyowaunganisha sokoni watu wenye lugha tofauti za nyumbani.

Kolera inaenda kinyume

Kwa bakteria wengi wanaoleta magonjwa, wakati wa uchache ni wakati wa kujificha. Mfano ni Pseudomonas aeruginosa, anayejulikana hospitalini kwa kuingia katika vidonda vya moto na katika vidonda vya wagonjwa waliolazwa muda mrefu. Akiwa mdogo kwa idadi, ananyamaza, maana akianza vita mapema kinga ya mwili itammaliza. Jeshi likiisha kukamilika, sumu nyingi zinatoka kwa pamoja.

Bakteria wa kolera anafanya kinyume. Mwaka wa 2002, kikundi cha Bassler pamoja na John Mekalanos wa Harvard walionyesha kwamba Vibrio cholerae anashambulia wakati yuko mchache, na anaacha kushambulia wakati wamekuwa wengi.

Mambo yanaenda hivi. Mtu anakunywa maji au anakula chakula chenye bakteria hao. Wengi wanakufa katika asidi ya tumbo. Wanaopita wanafika katika utumbo mwembamba, ambako bado ni wachache na chembe za habari ni kidogo. Ukimya huo kwao ni amri ya kuanza kazi. Wanatoa vinyweleo vya kushika ukuta wa utumbo, wanajifunika kwa ute unaowaunganisha, na wanatoa sumu. Sumu hiyo inafanya utumbo uachilie maji na chumvi za mwili. Mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Wakati huo wote bakteria wanazaliana, na chembe zao zinajaa. Kiasi kikitimia, ndani ya kila bakteria inaongezeka protini moja inayoitwa HapR, na amri zinageuka. Sumu inazimwa. Ute hautengenezwi tena. Badala yake inatoka dawa ya kumeng'enya inayokata vifungo kati ya bakteria na ukuta wa utumbo. Walioshikilia wanajiachilia na kutoka nje pamoja na maji ya kuhara.

Mwaka wa 2007, kikundi cha Princeton kilitangaza muundo wa kemia wa chembe kuu ya lugha hiyo, ile ya ukoo, ambayo wataalamu wanaiita CAI-1. Ya pili, inayoeleweka na bakteria wengi, inaitwa AI-2. Zikifika zote mbili kwa wingi, bakteria wa kolera anajua kwamba ndugu zake wamejaa na kwamba saa ya safari imefika.

Kwa hiyo bakteria hana haja ya kukaa muda mrefu ndani ya mtu. Anaingia, anazaliana haraka, anatoka. Maji yanayommaliza mgonjwa ndiyo barabara yake ya kwenda kwa mtu mwingine.

Wanaotoka ni wengi, na wana nguvu

Katika mililita moja ya kinyesi cha mgonjwa wa kolera, yaani matone machache tu, mnaweza kuwa na bakteria milioni mia moja. Na hawalingani na wale waliokaa siku nyingi majini. Mwaka wa 2002 pia, watafiti waliochukua vinyesi vya wagonjwa wa Bangladesh walionyesha kwamba bakteria waliotoka katika mwili wa mtu waliambukiza panya kwa urahisi zaidi kuliko bakteria wa aina ileile waliokuzwa maabarani. Nguvu hiyo waliendelea kuwa nayo kwa saa kadhaa hata walipowekwa katika maji ya bwawa.

Tena hawatoki mmoja mmoja tu. Uchunguzi mwingine wa Bangladesh, wa mwaka wa 2006, ulikuta ndani ya vinyesi madonge madogo ya bakteria walioshikana kwa ute. Donge moja likimezwa linabeba bakteria wengi mara moja, na walio katikati wanalindwa na asidi ya tumbo.

Hapa maabara inakutana na maisha ya Ituri. Mahali ambapo choo kiko mbali na maji, na siku zinapita kabla ya bakteria kufika kwa mtu wa pili, nguvu yao inapungua. Katika kambi yenye msongamano, au katika nyumba ambamo mtu anayemuuguza mgonjwa ndiye pia anayepika, safari hiyo inachukua dakika chache. Bakteria anafika akiwa bado na nguvu zote.

Goma ililijua hilo kwa uchungu. Mwezi wa saba mwaka wa 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu wakapanga juu ya mawe ya volkano, pasipo vyoo wala maji safi. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Katika Ituri, ziwa ndilo linarudi katika kila habari ya kolera. Mwaka wa 2008, Didier Bompangue, mtaalamu Mkongomani wa magonjwa ya milipuko, pamoja na wenzake walionyesha kwamba maeneo ya kandokando ya maziwa ya mashariki mwa Kongo ndiyo chanzo cha milipuko mingi inayosambaa baadaye ndani ya nchi. Ziwa halitenganishi watu. Mapema mwaka wa 2018, vita vya Djugu vilipowafukuza watu, makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda. Mwezi wa pili, kolera ilitangazwa katika kambi ya Kyangwali, ng'ambo ya ziwa, na walioshikwa walipita 2,000. Samaki, wafanyabiashara na wahami wanapita pia katika njia inayopanda kutoka Kasenyi kwenda Bogoro mpaka Bunia.

Majirani wa tumboni nao wanasikia

Kama bakteria wa kolera wanaongozwa na habari, je, mtu anaweza kuwapelekea habari ya uongo? Wataalamu wanalifanyia kazi swali hilo.

Mwaka wa 2010, Faping Duan na John March wa Chuo Kikuu cha Cornell walichukua bakteria asiyedhuru, wa aina ya Escherichia coli inayotumiwa kama dawa ya tumbo, wakamfundisha kutengeneza CAI-1. Panya wachanga waliopewa bakteria huyo kabla ya kupewa kolera walipona kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Bakteria wa kolera walipoingia walikuta habari imejaa tayari, wakadhani wako wengi, wakapunguza sumu.

Mwaka wa 2014, kikundi cha Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, pamoja na watafiti wa Dhaka, kilionyesha kwamba hata mwili wenyewe una wasaidizi wa namna hiyo. Kilifuata wagonjwa wa Bangladesh wakati wa kupona. Bakteria mmoja wa kawaida wa tumboni, Ruminococcus obeum, aliongezeka wakati huo. Alipowekwa ndani ya panya alipunguza kolera, na moja ya njia zake ni kutengeneza AI-2, ile lugha ya wote.

Kuna somo hapa kwa wale wanaokimbilia vidonge vya antibiotiki kila tumbo linapouma, wakivinunua bila karatasi ya daktari. Antibiotiki haichagui sana. Inaua pia majirani wema wanaolinda tumbo, na ikitumiwa ovyo inafundisha bakteria wabaya kuizoea. Kwa kolera, tiba ya kwanza ni kurudisha maji mwilini. Antibiotiki inaongezwa na munganga kwa wagonjwa waliozidiwa na wengine anaowachagua.

Dawa ya kuwadanganya bakteria haijafika katika famasi yoyote, si Bunia wala Ulaya. Na kuna kizuizi kimoja ambacho watafiti wenyewe wanakieleza. Si kila bakteria wa kolera anasikia. Katika aina kadhaa zilizochukuliwa kwa wagonjwa, ile HapR imeharibika. Bakteria wa namna hiyo ni kama mtu asiyesikia filimbi ya mwisho wa mchezo: habari inajaa, naye anaendelea. Dawa itakayotegemea habari peke yake haitawashika wote.

Saa za kwanza nyumbani

Kwa sasa mtu hawezi kuwanyamazisha bakteria wa kolera. Anaweza lakini kuwafungia barabara, na barabara hiyo inaanzia kwa mgonjwa wa kwanza.

Mgonjwa anyweshwe mara moja, hata kabla ya kufika kituo cha afya. Pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini, inayoitwa SRO katika vituo vyetu, inachanganywa katika maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Isipopatikana, lita moja ya maji safi inatiwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Akitapika, angojewa dakika kumi, kisha anyweshwe tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Safari ya kwenda kituo cha afya isingoje asubuhi, kwa sababu kolera kali inaweza kuua kwa saa chache. Mgonjwa akitibiwa mapema na vizuri, hatari ya kufa inashuka chini ya mmoja kwa mia.

Nguvu ya maji hayo ya chumvi na sukari ilionekana katika hali inayofanana na ya wahami wa Ituri. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Mhindi Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, na dawa za kutundika zikamwishia. Akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo, ndugu zao wakisaidia kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa mia vikashuka chini ya 4 kwa mia.

Kinyesi na matapishi ndivyo vinabeba jeshi zima, tena likiwa na nguvu. Vimwagwe chooni, si katika mfereji wala karibu na chemchemi, na ndoo, kitanda na nguo visafishwe kwa javeli. Anayemhudumia mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kila mara, na ikiwezekana mtu mwingine apike. Aliyekufa kwa kolera azikwe kwa msaada wa watu wa afya, bila kuoshwa na familia mikono mitupu.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, kisha yawekwe katika chombo chenye mfuniko, pasipo kikombe kuzamishwa ndani na kila mkono. Pale pasipo kuni wala klorini, kuna jambo dogo lililojaribiwa katika vijiji vya Matlab, Bangladesh. Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake kuchuja maji kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa, kikikunjwa mara nne au zaidi. Mwaka wa 2003 walitangaza kwamba kolera ilipungua karibu nusu katika vijiji hivyo. Bakteria mmoja mmoja anapita katika kitambaa, lakini wengi hawasafiri wamoja wamoja. Wanashikamana na viumbe vidogo vya majini, na hao kitambaa kinawazuia. Hata hivyo kuchuja hakuchukui nafasi ya kuchemsha.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Watu wengi wanaoingiwa na bakteria wa kolera hawaugui, au wanahara kidogo tu. Lakini nao wanawatoa bakteria katika kinyesi, kuanzia siku moja mpaka kumi. Mvuvi aliyeshuka mtumbwini akiwa mzima, au mtoto anayecheza kambini bila shida yoyote, anaweza kuwa mlango wao wa kutokea. Ndiyo maana choo na sabuni vinamhusu kila mtu wa nyumba tangu siku ya kwanza, hata anayejisikia mzima.